Macho ya Kuazima

Kibanda changu kina waya kumi na mbili
na betri ya gari lililofia njia ya Masasi.
Kuchaji simu mia tatu.
Vocha zipo, viberiti, sindano za mkono.
Kusoma ni bure, ila sikuliandika ukutani:
wenye shida nalo wasingeweza kulisoma.

Msimu wa mnada Kitangari hailali.
Wanakuja na simu kwenye pindo la khanga,
kwenye soksi, kwenye kikopo cha poda,
vidole vyeusi kwa utomvu wa mabibo.
"Hebu nitazamie, imeingia?"
Natazama.
Imeingia.
Au haijaingia, na neno hilo nimejifunza kulitua
kama unavyomtua mtu ndoo ya kichwani,
mikono miwili, bila kumwagia maji.

Mzee Likwachala anataka makato yote,
ushuru, gunia, usafiri, hadi shilingi ya mwisho.
Anahesabu kwa punje za mahindi juu ya kaunta.
Kuku akidonoa moja tunaanza upya,
na foleni nyuma yake inaguna.

Msinione hivi, subira sikuzaliwa nayo.
Chuo cha ualimu kiko ng'ambo ya barabara.
Ada yangu ilikwisha kwenye sanda ya baba
na pilau ya arobaini.
Miaka mingi kengele yao ikipigwa asubuhi
ilikuwa inanipiga mimi.
Nilisoma simu za watu kwa uso uliokunjwa,
haraka haraka, "mwingine!"

Kisha akaja Bibi Zinduna wa Mtongwele,
kwa miguu, kwenye ukungu wa Julai,
simu imezimika tangu Alhamisi.
Ilipowaka, ujumbe ulikuwa mmoja,
wa Chande, mwanawe, yuko machimboni Tunduru:
"Mama pesa hiyo. Nunua salfa."
Basi.
Bibi akabaki ananitazama mdomo,
kama mtoto anayetazama chungu kinachoepuliwa.
"Ndiyo yote?"

Mungu anisamehe, nikateremsha macho kwenye kioo
nikasoma kisichokuwepo:
"Huku baridi, mama. Jana nimekula ugali
nikaukumbuka mkono wako.
Jifunike vizuri usiku."
Hakusema kitu. Alikaza khanga kifuani,
akaanza kuirudia njia ya Mtongwele
na nikamwona, mbali kule penye mikorosho,
anajifunika.

Tangu siku ile uso wangu ulikunjuka, sijui lini hasa.
Nilishangaa tu asubuhi moja kengele imepigwa
nami nipo katikati ya punje za Likwachala,
arobaini na saba, arobaini na nane,
sikuisikia mpaka ilipokwisha.

Idi, Chande akarudi.
Akaja kibandani na mama yake, kijana mrefu,
viatu vina udongo wa nchi nyingine.
"Huyu ndiye macho yangu," bibi akasema.
"Na wewe, mwanangu, ule ugali,
ule ulioniandikia,
nimekupikia leo."
Damu ikanikimbia usoni.
Chande akanitazama. Akatazama waya zangu,
moja moja, kama anazihesabu.
"Ndiyo, mama," akasema. "Niliandika."

Waliniachia ming'oko kwenye kikapu, bado ya moto.
Nikaila na chumvi, nimesimama,
wateja wanangoja, wananiona natafuna,
na sikumwambia mtu kwa nini nacheka.

Leo simu yangu mwenyewe imelia,
hii ambayo hailiagi.
Namba siijui:
"Dada, nimemtumia mama ujumbe.
Yale ya mwisho ongeza kama kawaida yako.
Ninayo moyoni, kuyaandika ndiyo siwezi."

Bibi Zinduna huyo anakuja, vumbi hadi magotini,
simu ameinua juu kama taa.
"Anasemaje?"
Nimempisha mwenye vocha, nimevuta kigoda.
Kaa, bibi.
Leo ni ndefu.