Wino Ulikwisha

Mwaka ule sukari ilipangiwa foleni toka alfajiri,
Bwana Shao akarudi kutoka Hungaria
na vitara vinne ndani ya mfuko wa nailoni,
vyembamba kama njiti za mwavuli,
na digrii ya kilimo ambayo hakuna aliyeiulizia.

Tulimcheka. Chuo cha ualimu, Moshi,
mpira wa miguu tu ndio uliokuwa na jezi,
naye anatufundisha kusimama kiubavu,
goti limekunjwa, mkono wa nyuma umeinuliwa
kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda msalani.

Barakoa mbili alikuja nazo. Mbili nyingine
alitusukia fundi Mbazi wa Pasua
kwa wavu wa kichanja cha kahawa;
ukiivaa unanusa maganda ya buni,
msimu mzima uliokaukia usoni pako.
Makoti tuliazima maabara.

Kazi yangu mimi, Anasia, ilikuwa wino.
Nakaa na kidau mwisho wa meza,
kabla ya kila pambano nachovya ncha:
atakayeguswa atabaki na doa,
na doa halina mjomba.

Julai, Arusha wakaja.
Lori la chuo chao lilipata pancha Boma Ng'ombe,
wakaingia saa nane, nywele nyekundu kwa vumbi,
na vitara vitatu, kimoja kimenyooshwa kwa nyundo.
Tulisogeza meza za bwalo. Makande bado yananukia.
Mlima ulijifunika siku nzima.
Wapishi wakasimama madirishani, miiko mkononi,
wakishangilia kila chuma kilipogonga chuma
bila kujua nani anashinda.
Na sisi hatukujua sana.

Zawadi: kilo mbili za sukari
juu ya kiti, zimefungwa kwa gazeti,
na mkuu wa chuo ameweka mlinzi.

Pambano la mwisho, nne kwa nne.
Wetu Ndesanjo, mrefu, mwepesi wa hasira.
Wao Loishiye wa Oldonyosambu,
anayerudi nyuma polepole
kama anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto.
Nikachovya: kidau kikavu.
Nikatikisa. Nikaongeza mate.
Kisha nikanyamaza, maana wakubwa walikwisha kukaa,
nikaiacha ncha iende hivyo hivyo.

Kishindo cha mguu sakafuni. Kitara kikapinda,
kikanyooka.
Waamuzi wanne: wawili ndiyo, wawili hapana.
Koti la Loishiye jeupe, jeupe kabisa.
Bwana Shao akanitazama mimi.
Mimi nikatazama sukari.

Ndipo Loishiye akavua barakoa,
alama za wavu zimemjaa shavuni,
akaweka kidole chini ya mbavu za kushoto.
"Nimeguswa," akasema. "Hapa."
Mwenzake mmoja alimtukana kwa Kimaasai,
nadhani alimtukana; ilikuwa sauti
ya mtu aliyeona chai yake ikimwagika.

Ndesanjo alipima nusu kwa kikombe cha bati,
akaimimina katika sufuria ya wageni.
Nusu akaifunga tena. Nyumbani kwao kulikuwa na mzazi.
Sikumlaumu. Wengine sijui.

Walipokwisha kuondoka nilifua makoti karoni,
maji ya kuuma mifupa.
Nikalitafuta lile. Nikaligeuza kwenye mwanga:
chini ya mbavu, kushoto, uzi mmoja umekatika,
kitundu kisichopitisha hata punje ya ulezi.

Siku hizi, naambiwa, kuna waya ndani ya koti, na taa;
ukiguswa inawaka, wewe huulizwi.

Kile kitundu nilikishona usiku ule ule.
Uzi mweupe haukuwepo madukani.
Nikatumia mweusi.