Mkungu wa Bi Mwanatumu

Nyuma kwangu Mikindani, nina shamba la karai,
bamia na mrehani, na mchicha nusu hai;
Bi Mwanatumu jirani, mkunguwe haufai,
jua likija uani, hulimeza kama yai.

Nililipima kwa saa, nikaandika dakika,
kwa kipande cha mkaa, ukutani nikaweka;
arubaini hukaa, kisha giza hufunika,
bamia hazikuzaa, maua yakadondoka.

Nikaanza kwa vijembe, nikamkunjia uso,
kwenye kamba, kama wembe, nikatundika na leso
isemayo: "Usiombe, jirani mwenye mateso!"
Akanitumia embe, akaisifia leso.

Mwanangu Chengo kaona, akanipa ushauri:
"Usiku, bila kunena, mwaga maji ya betiri."
Nilifika kwenye shina, mkono haukukiri,
juu popo wagombana, wala hawana habari.

Kesho yake nikagonga, lango lake la mabati,
mikono yote ni unga, akisukuma chapati;
nikasema pasi kunga: "Naomba ukate mti."
"Huo mti ndio kinga; joto, mama halipati."

Bibi juu ya kitanda, dirisha lina kivuli,
akaninyoshea chanda, haneni tangu Shawali;
likishadondoka tunda, hutabasamu kwa mbali.
Maneno niliyounda, yakageuka subili.

Lakini huruma tupu, haioteshi bamia.
Akaonja kwanza supu, zege akaangalia:
"Zipandishe chapuchapu, jua bure laishia,
ila nipewe kikapu, zitakapojizalia."

Karai kwanza kwa ngazi, kisha makopo ya rangi,
Chengo akasusa kazi, alitaka vita vingi;
hata haujesha mwezi, nimepata na shilingi,
kikapu chake cha juzi, kilimeza zangu nyingi.

Nikinyunyiza kwa kopo, naona winchi ziliko
Kilindini; na upepo, una harufu ya jiko;
Mwanatumu huja papo, na kigoda na kicheko,
asema, "Mama na popo, wafahamiana huko."

Palipokuwa karai, nimeweka kiti changu,
adhuhuri nanywa chai, kwa kivuli cha mkungu;
kufagia sikatai, ila si majani yangu,
na ile chupa, sijidai, ingali uani kwangu.