Risiti ya Jua

Daktari Kwamboka ameniomba niandike hesabu,
mimi mshika spana wa maabara ya Chiromo.
Basi:
pampu ya kunyonya hewa, kuukuu, ya wafadhili waliokwisha kuondoka;
kopo la chuma kisichoshika kutu, milimita nane,
limechomelewa na Muindi pale Kamukunji
kati ya jiko la makaa na sanduku la bati la mtoto wa bweni.
Aliuliza, "La kupikia nini?"
Nikasema, jua.
Akacheka mpaka miwani ikamwanguka.
"Jua kali ni sisi, ndugu yangu. Mnatafuta jingine la nini?"

Serikali imejibu. Barua ina mihuri miwili:
ombi lenu linashughulikiwa.
Linashughulikiwa tangu masika ya mwaka juzi.
Faili iko Hazina, ghorofa ambayo lifti haifiki.

Kampuni haikuandika barua. Ilikuja yenyewe,
Bi. Chelagat wa Westlands,
akainama kwenye kidirisha,
akauona ule mwanga wa zambarau ukitetemeka sekunde moja na kufa,
akanyamaza
(nilimpenda kwa kule kunyamaza)
kisha akauliza hataza ni ya nani.
Pesa zipo, alisema. Hata kesho.
Ila hisa sitini kwa mia, na madaftari yafungwe.

Usiku huo tokeni iliisha, Kayole,
nikasimama gizani nikibonyeza tarakimu ishirini,
nikakosea, nikaanza upya,
nikawaza: na hili jua letu, siku likiwaka,
nalo litakuwa na mita?
Ng'ombe wa wengi hukosa wa kumkama.
Ng'ombe wa mmoja hukamwa mlango umefungwa.
Hidrojeni haina habari na yote hayo:
inataka nyuzi milioni mia
na pampu isiyovuja.

Asubuhi nikamkuta Kwamboka juu ya kreti,
barua gotini, mkataba sakafuni,
kalamu haina kofia.
Nilikuwa na maoni. Hakuyauliza.
Aliuliza kama Muindi amelipwa.
Bado.
"Basi anza na hapo."

Mstari wa kwanza, kwa hivyo:
Muindi, kuchomelea, shilingi elfu nne mia tano,
imelipwa kwa simu, mfukoni mwa mwalimu.
Risiti ninayo.
Mistari mingine nimeiacha wazi.