Herufi ya Koo

Ruwi, saa nane usiku. Nalinda ghala la viyoyozi
na feni ya kibanda changu ni mbovu.
Mtihani wa Kiebrania ni Alhamisi.
Mwalimu Chiduo kanitumia kurasa kwa simu,
kidole gumba chake kimefunika nusu ya Yona.
Kamusi ya chuo ni moja tu,
na herufi za mwisho zimeliwa na mchwa.

Jana Bi Rayya wa duka la mabuibui,
mzaliwa wa Wete,
alinikuta nahangaika.
"Sema ain. Siyo hivyo!
Kama mwiba wa changu umekukwama."
Nikakohoa. Akacheka hadi mtandio ukamteleza.
"Ain ni jicho. Na kwao?"
Nikapekua simu.
Jicho.

Basi leo nahesabu nilichokuwa nacho bila kujua:
nafsi, roho,
maneno ya bibi yangu kule Mpwapwa,
aliyetia sahihi kwa dole.
Ni koo tu tuliloliacha njiani.

Lori lapiga honi. Nafungua geti.
Dereva, mtu wa Peshawari, auliza nasoma nini.
"Yona."
"Yunus?"
Anazima injini.