Maji ya Baba

Nyumbani kwetu Mungu alisema Kiwelisi.
Kihispania kilikuwa cha dukani, cha benki,
cha kumwita fundi bomba likipasuka.
Baba alihubiri Gaiman miaka thelathini na minne
katika kanisa la matofali lisilo na picha hata moja:
ukuta mweupe pe, saa, na upepo.
Upepo wa Chubut haupigi hodi.

Nawe, Iorwerth, waniuliza nilianzia wapi kupotea.
Nilianzia hospitali ya Trelew, ghorofa ya pili,
usiku ule Mama alipokuwa akikata roho
na sisi tumekaa kama mizigo iliyosahauliwa stesheni.
"Omba, Eluned," ulisema. "Wewe ndiye mwenye maneno."
Kwetu sala haisomwi. Hutungwa papo hapo,
hutoka moyoni ingali ya moto.
Nikaufungua moyo. Kapu tupu.
Hata makombo hayakuwamo.

Ukatoka kuvuta sigara.
Ndipo Rufina Quilaqueo, aliyekuwa akipiga deki,
akaegemeza ufagio, akafuta mikono kwenye aproni,
akaniwekea kiganjani rozari ya plastiki
yenye punje moja iliyofungwa kwa uzi wa kushonea.
Hakunihubiria. Alianza tu, nami nikafuata
kwa lugha ile ya bomba lililopasuka,
maneno ya watu wengine, yamechakaa kwa kushikwa,
laini kama mpini wa jembe la kuazima.
Nikayaegemea.
Uliporudi, Mama alikuwa ameshakwenda,
nami niliificha rozari kwenye soksi, kama mwizi.

Usidhani nilikimbilia huko. Miaka sita!
Mwaka mzima nilikaa upande wa nguzo
nisionane na sanamu ya Bikira;
kidole cha Baba kilikuwa bado hewani, kinaonya.
Nilibishana na Padri Zanetti kuhusu toharani
hadi chai ikapoa, ikatiwa moto, ikapoa tena.
Na kuungama, je? Mimi, binti wa mchungaji,
niliyezoea kuficha dhambi kwa kuimba vizuri?

"Damu ni nzito kuliko maji," uliniandikia,
mstari mmoja tu, bila salamu.

Basi sikiliza habari ya maji.
Padri alitaka cheti. Nikaenda kufungua sanduku la bati
chini ya mimbari (ufunguo bado uko palepale, nyuma ya saa),
nikafunua daftari hadi mwaka wangu.
Mwandiko wa Baba, wino umegeuka kahawia:
jina langu, tarehe, jina la Mama,
na pembeni, kwa herufi ndogo kama anayejiibia nafasi,
*Hakulia. Alitazama juu.*

Padri alisoma, akalifunga daftari polepole.
"Haya yanatosha," akasema. "Hatumbatizi mtu mara mbili."
Iorwerth, nilikuwa nimejiandaa kuoshwa nisibaki na harufu yenu.
Kumbe niliingia kule na maji ya Baba kichwani,
yaleyale, hayajakauka.
Hapo ndipo nililia. Kwa miaka sitini na moja.

Mkesha wa Pasaka upepo uliuzima moto mara tatu.
Sakristani aliukinga kwa boksi la sabuni,
majani ya mipopla yakaturukia, manjano, usoni.
Nilipakwa mafuta, nikanukia kama duka la dawa.
Niliiona gari yako ng'ambo ya barabara,
taa zimezimwa, injini inanguruma.
Hukushuka. Hukuondoka pia.

Jumapili mchana ningali napiga kinanda kwenu.
Mko kumi na mmoja, na nani mwingine anazijua noti?
Tegwen Pugh amehamia benchi la mbali.
Rozari iko mfuko wa koti,
na nikikanyaga ile pedali inayokwama
punje hugonga mbao: ka, ka.
Wewe husimama nyuma yangu na besi yako.
Unazisikia, najua,
maana hapo ndipo unapozidisha sauti.