Kiazi cha Eleuterio

Mvua ya Chiloé haina adabu ya kubisha hodi.
Inaingia na watoto, ndani ya mabuti,
ndani ya nywele za Millaray, ndani ya mkate wa saa nne,
nami, mwaka wa kumi na tisa katika chekechea hii ya mbao,
nimeacha kuipangia masomo.

Septemba nilimpa kila mtoto kiazi kimoja.
Si vile vyeupe vya dukani.
Vyetu vimepinda kama vidole vya baridi yabisi,
vingine vyeusi hadi moyoni, vingine zambarau,
na kimoja chenye mabaka ambacho Rosamel hakukigusa
mpaka nilipomnong'oneza kwamba kinamwogopa yeye.

"Hesabuni macho."
Wakahesabu. Saba. Manne.
Kumi na moja, alisema Danko,
ambaye kila kitu chake huwa kumi na moja.
Eleuterio akainua chake usawa wa uso:
"Mwalimu, kinaniona?"

Hapo hadithi ikaanza, sikuwa nimeiandaa.
Palikuwa na kiazi mwenye macho saba, aliyechoka kuona.
Ameona jembe. Ameona kisu.
Ameona sufuria ikitokota, na ndugu zake wamo.
Akaomba shimo, na giza, na blanketi.
Akayafumba macho, moja baada ya jingine,
na kila jicho lilipolala, likaota.
"Likaota nini?" Millaray akauliza.
"Likaota tu," nikamjibu,
na wote wakanyamaza kana kwamba wameelewa.

Tukauburuta mwani kutoka ufukweni, magunia mawili.
Ulinuka! Pua zikabanwa, mayowe yakapigwa,
lakini blanketi la hadithi nani atalikataa?
Tukazika, tukafunika, tukaaga:
"Lala salama," mara kumi na nne, kila mmoja na chake.

Eleuterio hakuweza.
Kila mchana, wenzake wakikimbiza kuku wa mlinzi,
yeye alichuchumaa pale, akafukua kwa vidole,
akachungulia, akafukia.
Mimi nilikuwa dirishani na kikombe changu.
Ningemkataza vipi? Ni mimi niliyesema kuna anayeota mle.

Novemba matuta yakawa kijani, kisha yakachanua.
Pake peupe, kama pengo la jino.
Hakulia. Alianza tu kupita mbali.

Jumamosi moja nikaja na sepetu, peke yangu, kama mwizi.
Nilitaka kuhamisha shina kutoka pembeni,
nilipande pake, Jumatatu nishangae pamoja naye.
Nikapiga magoti kwenye tope, nikafukua.
Kiazi kilikuwepo, kimenywea, laini,
na ubavuni vichipukizi vitatu vilivyovunjika,
na cha nne, cheupe, kirefu kama ukucha,
kinajaribu tena.

Nikakifunika. Sepetu nikairudisha stoo.

Jumatatu niliongeza kipande cha hadithi:
kiazi hakupata usingizi wa kutosha,
kwa sababu kuna mtu aliyempenda mno
akawa anamwamsha kumuuliza kama amelala.
Eleuterio alitazama kucha zake.
Mchana huo alikimbiza kuku.

Desemba, mavuno. Danko alitoa tisa, akasema kumi na moja.
Rosamel alibeba vyake vyenye mabaka kwenye sketi,
hataki msaada wa mtu.
Eleuterio alitoa kimoja. Ukubwa wa gololi.
Jiko la kuni lilikuwa tayari linanguruma,
sufuria inapitishwa, kila mtu anatumbukiza.
Alipofikiwa, akakitia mfukoni, akafunga kifungo.
Akala viazi vya wenzake, na chumvi, na siagi, bila aibu.

Machi yuko darasa la kwanza, jengo la pili.
Mama yake alinikuta langoni, mwavuli umegeuka nje ndani.
"Mwalimu, umemfanya nini mwanangu?
Ana boksi la viatu chini ya kitanda.
Usiku anatembea kwa ncha za vidole,
na mdogo wake akicheka tu,
anamziba mdomo:
Shh. Kinaota."