Lori la Kaka Yangu Lilihesabiwa Mara Mbili

Pato la taifa huja limechelewa
kama barua kwa mtu aliyekwisha hama.
Robo mwaka imepita, na miezi miwili na ushei juu yake,
ndipo tunaambiwa tulikuwa tunaishije.

Tukatafuta njia ya mkato.
Hapa Wellington, ghorofa ya tano,
dirisha likitikiswa na upepo wa kusini,
kazi yangu ni kuishika nchi kifundo cha mkono
na kuhesabu.

Megawati za nusu saa hii.
Kadi zilizogusishwa kwenye mashine za madukani.
Matangazo ya kazi: madereva, wapishi, mafundi bomba.
Na malori.
Chini ya lami, karibu na Tirau, kuna waya
usiouliza jina wala mzigo.
Ekseli zikipita, unaandika: moja.
Ekseli zikipita, unaandika: moja.
Alasdair, mkuu wetu, anaupenda kuliko anavyotupenda sisi.
"Hauombi likizo," husema.

Kisha kikaja kimbunga.

Jumanne, saa nne kasoro robo asubuhi,
mstari wa umeme wa mashariki ulianguka wima
kama ndoo iliyokatikiwa kamba.
Ngaire aliacha kutafuna mkate.
Bonde zima lilizimika mbele yetu
bila kishindo, kwenye skrini isiyolowa.

Siku hiyo kaka yangu Eruera
alikuwa amekusanya maziwa ya mashamba kumi na moja
(ng'ombe hawajui kimbunga, kiwele kikijaa kimejaa),
akapita juu ya waya: moja.
Kiwandani giza, lango limefungwa kwa mnyororo,
mlinzi akipunga mkono, rudi, rudi.
Akageuza, tangi limejaa vilevile,
akapita juu ya waya: moja.
Jioni aliyamwaga shimoni, lita elfu ishirini na tano,
na harufu, aliniambia, ilimfuata mpaka kitandani.

Wiki iliyofuata mistari ilianza kupanda.
Malori ya kokoto. Malori ya nguzo.
Malori yaliyobeba magodoro yenye tope
na piano moja, Ngaire aliiona kwenye picha,
meno yake yakichungulia chini ya turubai.
Kadi nazo: mishumaa, sepetu, dawa ya kuua ukungu,
buti za mpira za watoto, saizi zote zikaisha.
Kiashiria kikasoma juu kuliko mwezi uliopita.
Nikaandika sentensi ya waziri kama nilivyofundishwa:
Shughuli za kiuchumi zimeongezeka kwa nusu asilimia.
Mwenye kovu usidhani kapoa, walisema waliotutangulia,
ila jedwali halina safu ya kovu.

Nikaomba tanbihi, mstari mmoja tu chini ya ukurasa:
lori moja lilirudi na mzigo wake.
Alasdair hakucheka. Si mtu mbaya.
Aliuliza, "Ni asilimia ngapi?"
Nikapiga hesabu mbele yake, desimali baada ya desimali,
mpaka ikawa sifuri kwa kukadiria.

Usiku Eruera alipiga simu.
"Ulinihesabu?"
"Mara mbili."
"Basi walipe mara mbili," akacheka,
kisha akanyamaza kama mtu anayetafuta funguo mfukoni.
"Na shangazi Parekura? Mita yake inasemaje?"

Inasema sifuri.
Ndivyo inavyosema mita ya aliyelala mapema,
ya aliyehamia kwa bintiye,
ya nyumba iliyobaki kuta tatu.
Nilimwambia nitaangalia tena asubuhi.

Nikawasha birika. Mahali fulani
mstari ulipanda kwa unywele mmoja,
na kesho nitakapofika kazini
nitaukuta humo, umechanganyika na wengine,
nisiujue kuwa ni wangu.